Baki la Atupele

Namba 2,147,483,647 ni namba tasa. Ukiigawa kwa namba yoyote isipokuwa moja na yenyewe, lazima kitu kibaki. Mzee mmoja wa Ulaya alilithibitisha jambo hilo kwa mkono zamani sana, kabla babu zetu hawajazaliwa, na sijasikia mtu aliyewahi kusimama hadharani kulipinga isipokuwa mimi. Nililipinga nikiwa kidato cha tatu, katika bwalo la shule nje kidogo ya Tukuyu, chaki mkononi, mbele ya walimu, wazazi na mgeni rasmi. Nilisema kwa sauti, "Sifuri!" yaani hakikubaki kitu. Watu walinipigia makofi na vigelegele. Makofi yale huyasikia tena kila ninapotaka kujisifu kwa lolote.

Mwaka huu, mvua za masika zilipoanza kupungua, tulimzika Atupele, rafiki yangu wa shule, huko Masukulu. Nilifika nikiwa nimechafuka matope mpaka magotini, na kabla sijaweka mkoba chini, sauti ya mwanamume ikaita kutoka kwenye mabenchi ya wanaume: "Jamani, Sifuri amefika!" Alikuwa Gwamaka, tuliyesoma naye darasa moja, sasa mzee wa kipara anayelima viazi Isongole. Wenzake walicheka kidogo, kicheko cha msibani, kisha wakanyanyuka kunisalimu kwa heshima zote. Nilikwenda kukaa mkekani na wanawake. Bupe, binti mkubwa wa marehemu, aliniletea chai ya tangawizi, akachuchumaa mbele yangu. "Shikamoo mama mdogo. Hilo jina wanalokuita, Sifuri, lilitokana na nini?" Nilimwambia ni mambo ya shule. Akasema, "Mama naye alikuwa anajibu hivyohivyo." Nikainamia kikombe changu kana kwamba kuna kitu kimeangukia ndani. Nimefanya kazi ya uandishi wa habari karibu maisha yangu yote, na nimewauliza watu maswali makali kuliko hilo wakiwa kwenye misiba mizito kuliko huo. Bupe alistahili jibu, nami naliandika hapa kwa mpangilio, kama nilivyozoea.

Mwaka ule hesabu za ziada zilifundishwa katika chumba kilichopakana na jiko la shule. Ukuta mmoja ulikuwa wa moto kwa sababu nyuma yake palikuwa na mafiga, na ukuta wa pili ulitoa jasho la ukungu tangu asubuhi. Wavulana waliojua mambo waliwahi viti vya ukuta wa moto. Sisi wasichana tulikuwa wawili tu, mimi na Atupele, na tulikaa upande wa ukungu. Mvua ikipiga bati hakuna aliyesikia chochote, na Mwalimu Shabani alinyamaza akaandika tu. Alikuwa kijana kutoka Tanga, ndiyo kwanza ameajiriwa, na baridi ya kwetu ilimshangaza kila siku kama habari mpya. Alivaa koti la sufu juu ya koti jingine. Wakubwa walitaka afundishe kwa Kiingereza, lakini jambo likimpendeza alihamia Kiswahili chake laini cha pwani bila kujijua, nasi tulijua kwamba hapo ndipo pa kusikiliza.

Siku aliyotuletea namba ile hakuiandika kwanza. Alisema, "Chukueni chipukizi moja la mgomba. Mwakani mashina mawili. Mwaka unaofuata manne, halafu manane. Endeleeni kuzidisha hivyo mara thelathini na moja." Gwamaka akanyoosha mkono. "Mwalimu, hilo shamba palizi nani atafanya?" "Wewe," akajibu, "kwa sababu litafunika Rungwe yote na kumwagikia Kyela, hutakuwa na pa kukimbilia." Tulicheka. "Sasa mng'oeni mgomba mmoja tu. Mashina yaliyosalia hamwezi kuyapanga katika mistari iliyo sawa hata mkikesha. Yagawieni watu wangapi mnaotaka, hayatatosha sawa. Lazima mmoja alalamike." Ndipo alipoiandika na kutusomesha kwa pamoja: bilioni mbili, milioni mia moja arobaini na saba, laki nne themanini na tatu elfu, mia sita arobaini na saba. Alitaka tuithibitishe wenyewe, kwa mikono yetu, kama yule mzee wa zamani. Atupele aliinama akaninong'oneza, "Kumbe kuna namba choyo."

Kuithibitisha kulimaanisha kuigawa kwa kila namba tasa inayoweza kuwa kigawo chake na kuona kwamba kila mara kitu kinabaki. Vigawo huenda viwili viwili, na mdogo wao hawezi kuvuka elfu arobaini na sita na ushei, kwa hiyo hapo ndipo pa kuishia. Lakini hata hapo kuna namba tasa zaidi ya elfu nne. Mwalimu akatuonyesha njia ya mkato, nayo sijawahi kuiona tena bila kuwashwa na furaha na aibu kwa pamoja. Kwa kuwa tulizidisha mara thelathini na moja, alisema, kigawo chochote cha namba hii, ukikigawa kwa sitini na mbili, lazima kibakishe moja. Na ukikigawa kwa nane, kibakishe moja au saba. Alituthibitishia ubaoni mpaka kengele ya chakula ikalia na hakuna aliyeondoka. "Ukijua mwizi ana kovu kwenye shavu na kidole kimepungua," alisema, "huna haja ya kuamsha kijiji kizima." Waliobaki wenye kovu na kidole pungufu hawakufika tisini. Ya kwanza ilikuwa 311. Ya mwisho ilikuwa 45,943.

Wiki hiyohiyo nilikuwa zamu ya kupeleka chai ofisi ya walimu. Mlango ulikuwa nusu wazi. Nilisimama na birika kwa sababu nilisikia sauti ya mkuu wa shule, na tabia ya kusimama penye sauti nilikuwa nayo hata kabla haijawa kazi yangu. "Jiko la sayansi kimu limekwisha kujengwa, Mwalimu Shabani. Lina oveni, lina cherehani, halina wanafunzi wa kutosha. Wewe umeniwekea wasichana wawili kwenye hesabu za ziada. Wa kazi gani?" Mwalimu akasema, "Nipe mpaka siku ya wazazi, mkuu. Nitawapa kazi ileile ya wavulana. Ikisimama, waache waendelee. Ikianguka, nitawatoa mwenyewe na sitasema neno." Mkuu akacheka. "Umesema wewe." Nilibisha hodi, nikamimina chai mpaka nikaijaza sahani ya kikombe.

Nilimsimulia Atupele jioni ile bwenini, tukiwa tumekaa kitandani kwake tukimenya ndizi za kuchoma alizoletewa na shangazi yake. Alisikiliza mpaka mwisho. Alitaka kuwa mpima ardhi. Alisema babu zake wawili walikuwa wakigombania mpaka wa shamba tangu yeye hajazaliwa, na kwamba siku moja atakwenda na vyombo vyake, awapimie, wote wawili waone haya. Aliniuliza kama mkuu alisema kwa hasira au kwa mzaha. Nikasema kwa mzaha. "Ndiyo mbaya zaidi," akasema. Akaivunja ndizi ya mwisho vipande viwili, akavitazama, akanipa kikubwa. "Basi isianguke."

Mwalimu Shabani alitupanga wawili wawili. Kila namba ingegawiwa na watu wawili, kila mmoja peke yake, bila kusemezana, kisha wampelekee baki. Yakilingana, jibu linapita. Ulikuwa mpango mzuri, na ungefaa mahali popote duniani isipokuwa kwetu. Kwa Kinyakyusa kuna neno, ukwangala, raha ya kuwa pamoja na wenzako wa rika, kula nao na kupiga nao soga. Wazee wetu walifundishwa kwamba anayekula peke yake ana lake jambo, na pengine jambo hilo si la mchana. Sisi tulilipokea katika maziwa ya mama. Kumwona mwenzako amekwama kwenye kugawa, wewe umemaliza, halafu ukanyamaza? Mtu wa namna hiyo angelala wapi? Kwa hiyo mabaki yalitembea bwaloni pamoja na kande, kutoka sinia moja hadi jingine, na kila jozi ilipeleka kwa mwalimu majibu yaliyolingana kama mapacha.

Atupele ndiye aliyekuwa mgonjwa zaidi wa ugonjwa huo. Muhula wa kwanza niliunguza kande nikiwa zamu ya jikoni, harufu ikafika mpaka gwaride. Mwalimu wa zamu alipouliza nani, Atupele alitoka mstarini pamoja nami, akasema ni sisi wawili. Hakuwa zamu. Siku hiyo alikuwa hata hajakanyaga jikoni. Tulifyeka nyasi za uwanja pamoja mpaka malengelenge, nami nilipomuuliza kisa cha kujitakia, alishangaa swali. "Ulitaka usimame pale peke yako kama kisiki?"

Mpango wa jozi ulivunjika kwa kosa la Gwamaka na mwenzake. Walipeleka baki moja, limelingana tarakimu kwa tarakimu, nalo lilikuwa kubwa kuliko kigawo chenyewe. Mwalimu alilisoma mara mbili, akaweka chaki chini. "Gwamaka, umewagawia watu sahani za wali. Kila mtu amepata. Zimebaki sahani nyingi kuliko watu wenyewe. Umemaliza kugawa?" "Hapana, mwalimu." "Na mwenzako naye kwa bahati akaacha sahani zilezile?" Darasa lilicheka, lakini yeye hakucheka. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona amekasirika. Alituambia kwamba watu wawili wanaokubaliana baada ya kuongea ni mtu mmoja tu. Alirudia namba zote mwenyewe, na za makosa akaturudishia. Hiyo ya mwisho, 45,943, akaiweka kando. Ingegawiwa siku ya wazazi, bwaloni, kwenye mbao mbili zilizosimamishwa mgongo kwa mgongo, wagawaji wasionane. Wagawaji wangekuwa mimi na Atupele. Kwa njia hiyo, nadhani, alitaka kumjibu mkuu mbele ya mashahidi.

Siku ilipofika mvua ilikuwa imepumzika. Mbao ziliwekwa katikati ya bwalo, kwa hiyo nusu ya watu waliuona ubao wangu na nusu nyingine waliuona wa Atupele. Upande wangu walikaa mkuu, mgeni rasmi aliyetoka ofisi ya elimu, na wazazi. Upande wa Atupele walikaa wanafunzi na wapishi. Mwalimu Shabani, amevaa kanzu na makoti yake mawili juu yake, aliwaeleza wazazi kuhusu shamba la migomba, akafika mahali pa kusema kwamba hata igawiwe vipi, namba hii daima hubakisha kitu. Hapo Mzee Asegelile, mzazi mwenye sauti kubwa, akasimama na fimbo yake. "Mwalimu, samahani kidogo. Hapo itakuwa mmekosea kugawa. Sisi hapa ng'ombe akichinjwa haibaki nyama, wala haibaki lawama. Nambali gani hiyo yenye loho mbaya?" Bwalo zima liliangua kicheko. Mwalimu naye alicheka, akasema ndivyo ilivyoumbwa. Mzee hakuridhika. Alitugeukia sisi, tukiwa tumeshika chaki. "Haya, wanangu. Gaweni vizuri, mtu asikose!"

Tulianza. Nilisikia chaki ya Atupele nyuma ya ubao, tik tik tik, sauti pekee niliyoijua mle ndani. Mara nne katika laki mbili kumi na nne elfu. Mara sita. Mara saba. Mara nne. Kila nilipoandika tarakimu ya jibu wazazi walipumua kwa pamoja, kama watu wanaotazama mtu akivuka mto kwa gogo. Nilipofika hatua ya mwisho namba niliyotakiwa kugawa ilikuwa 107,827. Moja yangu niliyoiandika kwa haraka niliisoma nne. Namba ikawa kubwa ghafla, na mwishoni mwake palikuwa na saba. Tisa mara tatu ni ishirini na saba: saba chini, mbili mkononi. Saba kwa saba. Nilisikia Mzee Asegelile akisema taratibu, "Inaelekea, inaelekea." Zile zilizokuwa mkononi nilizibeba bila kuziandika, na pale zisipokutana, nilizikutanisha. Sikuwa na nia ya kudanganya. Niliamini kila tarakimu wakati naiandika. Lakini nimekwishawasikia watu wengi wakiniambia maneno hayohayo mbele ya kinasa sauti, nami niliandika kwamba walidanganya.

Nikageuka nikasema, "Sifuri!"

Akina mama wakapiga vigelegele. Mzee Asegelile akagonga sakafu kwa fimbo: "Imekwisha! Mabinti wameigawa!" Watu waliokuja kutazama watoto wao wakigawa waliona kimegawika mpaka mwisho, na katika bonde letu hakuna ugawaji ulio bora kuliko huo. Mwalimu Shabani alikuwa amesimama upande wangu. Uso wake ulikuwa umepoteza rangi. Akaita, bila kuutazama ubao wa pili, "Atupele?" Chaki yake ilikuwa imekwisha kunyamaza. Nilisikia kiganja kikifuta ubao, mara moja, kwa nguvu. Kisha sauti yake, tulivu: "Na mimi sifuri, mwalimu."

Mgeni rasmi akasimama, akasema haya ni makubwa, tuhakikishe. Alichukua jibu langu, 46,749, akalizidisha kwa 45,943 pembeni ya ubao, polepole, kwa mwandiko wa mtu aliyewahi kuwa mwalimu. Alipata 2,147,789,307. "Imezidi," akasema. "Imezidi kwa laki tatu na kitu." Waliokaa nyuma waliendelea kupiga makofi kwa muda kwa sababu hakuna aliyewaambia. Mkuu hakunyanyua sauti. Aliuliza tu, "Na huyu wa pili amepata sifuri hiyohiyo? Kosa lilelile?" Akamtazama Mwalimu. "Watu wawili wanaokubaliana baada ya kuongea. Si ndivyo unavyowafundisha?" Kumbe naye alikuwa msikilizaji wa milangoni. Akatuuliza kama tulipanga. Atupele alikuwa amezunguka ubao na kuja kusimama kando yangu, mikono yake myeupe kwa chaki. Hakujibu. Nami sikujibu. Ningeweza kusema kwamba kosa ni langu na kwamba mwenzangu hakuuona ubao wangu. Nilisubiri aanze yeye, kwa sababu nilizoea aanze yeye. Mzee Asegelile peke yake ndiye aliyetutetea: "Lakini mkuu, si wamegawa kikaisha? Kosa liko wapi hapo?" Watu wakacheka tena, na kicheko hicho kikafunga mkutano.

Jumatatu tulihamia jiko la sayansi kimu. Mwalimu Shabani alitutoa mwenyewe, na hakusema neno. Nilipita dirishani kwake asubuhi hiyo nikamwona ameigawa namba ya mwisho peke yake, kwenye ubao mmoja, na chini ameandika baki: 15,941. Hakukuwa na mtu darasani. Baadaye Gwamaka alituambia kwamba mwalimu alikuwa ameandaa jambo la kuwaaga wazazi siku ile. Namba yetu, ukiizidisha kwa mbili iliyozidishwa na mbili mara kadhaa, huzaa namba kamilifu, namba ambayo ukivijumlisha vigawo vyake vyote vilivyo vidogo kuliko yenyewe, unaipata yenyewe, bila upungufu na bila ziada. Kama sita: moja na mbili na tatu. Yaani kutoka kwenye namba isiyogawanyika alitaka kuwaonyesha wazee ile wanayoipenda, ambayo kila mwenye fungu akileta fungu lake, kinatimia. Hakupata nafasi. Mwaka uliofuata alihamishwa.

Jikoni mle tulijifunza kuoka mkate na kudarizi mito. Atupele alijifunza kwa bidii ileile. Hakunilaumu hata kwa jicho, na sikuweza kulivumilia hilo. Nilianza kukaa meza nyingine. Baada ya kidato cha nne mimi nilipata nafasi ya kuendelea na masomo ya lugha, nikaishia kwenye magazeti. Yeye alifungua mgahawa karibu na stendi ya Tukuyu. Nilipita Tukuyu mara nyingi kwa kazi. Mara chache niliingia kwake, na aliniwekea ndizi na maharage kabla sijaagiza, akisema, "Kula, nkamu, usiondoke na njaa," na nkamu kwetu ni ndugu. Mara nyingi zaidi nilikula mgahawa wa pili, nimegeuzia barabara mgongo. Miaka ya karibuni kijana wa kompyuta ofisini kwetu alimwonyesha mwenzake namba kwenye kioo, akasema hiyo ndiyo namba ya mwisho ambayo mashine nyingi zinaweza kuhesabu, ukiongeza moja tu inapinduka na kuwa hasi. Niliitambua kutoka mlangoni. Nikamwambia ni namba tasa. "Umejuaje, mama?" Nikasema nakwenda kunywa maji.

Huko Masukulu, mchana wa maziko, vijana waligawa nyama ya waombolezaji kwa mafungu, na yule aliyegawa alinyanyua karai tupu kuonyesha kwamba hakikubaki kitu. Nilikwenda kukaa na Gwamaka kwenye benchi lake. Nilimuuliza kile ambacho ningemuuliza mtu yeyote mwingine katika habari yoyote nyingine, na ambacho sikuwahi kumuuliza Atupele alipokuwa hai. "Wewe ulikaa upande wake. Kabla hajafuta, aliandika nini?"

"Alikuwa amemaliza. Aliweka mstari chini, akaandika namba. Kisha wewe ukapiga kelele zako. Akasimama kidogo, hivi, kama mtu anayesikiliza. Halafu akafuta."

"Kwa hiyo haikuwa sifuri."

"Sifuri unafuta ya nini?"

"Mbona hukusema siku ile?"

"Niseme nini, Sifuri? Mwenyewe amesema amepata sifuri. Nisimame mbele ya mkuu nimwambie mwenzangu ni mwongo?" Alinitazama kama Atupele alivyonitazama siku ya kande. "Ungefanya hivyo wewe?"

Nilimuuliza namba yenyewe ilikuwa ngapi. Alifumba macho. Alisema ilikuwa na tarakimu tano, hilo ana hakika nalo, kwa sababu yeye baada ya aibu yake ya sahani alizoea kulinganisha urefu wa baki na urefu wa kigawo. Nyingine hazikumbuki. Ya kwanza tu. Ya kwanza ilikuwa moja. Akafumbua macho. "Au saba," akasema.

Nilimwita Bupe pale pale, nikamwambia yote, mbele ya Gwamaka, tangu chipukizi la mgomba. Alisikiliza bila kunikatisha. Mwisho aliuliza swali ambalo mwandishi wa habari angeuliza: kama mama yake alikuwa amepata jibu sahihi na akalifuta kwa ajili yangu, au alikuwa amekosea kama mimi na akafuta kwa ajili yake mwenyewe. Nilimwambia baki sahihi ni 15,941. Linaanza na moja, na la tarakimu tano linaloanza na saba lisingewezekana kwa aliyegawa sawasawa, kwani lingevuka kigawo. Lakini aliyekosea anaweza kuandika lolote. Bupe akaingia ndani, akarudi na ubao mdogo uliokuwa ukutani mwa mgahawa, wa bei za vyakula, mwandiko wa mama yake bado juu yake. Tulitazama wote watatu alivyoandika moja na saba zake. Atupele aliandika moja yake kwa kichwa kirefu kilichokunjwa, na saba yake bila mkato katikati. Chai na chapati, supu, ndizi na maharage. Bei moja inaweza kuwa mia moja na hamsini, inaweza kuwa mia saba na hamsini. Bupe mwenyewe, aliyeuza vyakula hivyo miaka yote, alisema inategemea ni ya mwaka gani.